Kanga Isiyo na Mwenzake

Mjukuu wangu ameniletea picha ya zamani ndani ya simu yake. "Shikamoo, Bibi. Tazama, stesheni ya miaka ya hamsini, hapa hapa Dar." Nikamwambia marahaba, hebu sogeza, macho yangu si kama yako.

Ni ndani ya ukumbi wa daraja la tatu. Mabenchi ya mbao, vikapu, magodoro yaliyokunjwa, kuku wamefungwa miguu. Nadhani geti la kwendea kwenye gari moshi ndiyo kwanza limefunguliwa, maana watu wote wamempa mpiga picha mgongo, wanasukumana. Wote isipokuwa mwanamke mmoja. Yeye ameligeuzia geti mgongo, anatazama huku. Uso umetikisika, hauonekani vizuri. Lakini kanga naziona: kiunoni yenye nakshi ya korosho kubwa, kichwani ya madoadoa madogo.

Mwanamke wa mjini asafiri na kanga mbili zisizofanana? Haiwezekani! Kanga hununuliwa doti, huvaliwa doti. Ukimwona hivyo siku ya safari, basi ile ya pili kuna mahali ameiacha.

Ya pili ninayo mimi.

Nilikuwa na miaka minane mama alipoachika. Kwa desturi ya wakati ule mimi nibaki kwa baba, yeye arudi kwao Tabora. Asubuhi ile akaniambia, "Mwanangu, twende ukanisindikize." Nikasusa. Nina kichwa kigumu tangu kuzaliwa, sikatai. Nikajifungia msalani uani, nikapiga kelele: "Siendi! Nenda mwenyewe!" Akabisha mlango, akanibembeleza, nikaziba masikio. Nilipotoka nikaikuta kanga ya korosho kitandani kwangu, imekunjwa, bado inanukia udi wake. Nikataka nimkimbilie. Kisha nikasema aah, na yeye aone uchungu. Nikakaa mpaka nikasikia honi ya gari moshi.

Sikumwona tena. Mwaka wa pili ilikuja habari ya msiba. Na shangazi yangu, Mungu amrehemu, kila nilipomkosea alinichoma: "Hata mama yako alikwenda zake, wala hakugeuka nyuma." Nimeolewa na maneno hayo, nimezaa nayo, nimezeeka nayo. Na mama namtamani mpaka leo, kama mtoto mchanga.

Nikaiendea kanga sandukuni. Imechakaa, ukiishika vibaya inachanika. Nikaiweka kando ya simu. Korosho zile zile, mpaka pindo.

Mjukuu akacheka. "Bibi bwana! Kanga za hivyo si zilikuwa nyingi? Halafu huyo anaangalia kamera tu."

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu kayaleta mjukuu mwenyewe, kwa mkono wake. Sikumbishia habari ya kanga. Nikamuuliza, "Mpiga picha alisimama wapi?"

Akaikuza picha kwa vidole, akaipunguza, akaikuza tena. Akaacha kucheka. "Mlangoni, Bibi. Mlango wa kuingilia, wa barabarani."

Mlango huo naujua. Anayetoka kwetu Kariakoo, hata akija mbio amechelewa, huingilia hapo hapo.

"Basi haangalii kamera, mjukuu wangu," nikamwambia. "Ananingoja mimi."