Nililazimishwa kupiga kelele gulioni Makambako, nikanusurika kwa kukaa kimya Njombe

Wakuu, shikamooni wanaostahili, na wengine marahaba.

Nimesoma uzi wa yule bwana anayefundisha marketing, kwamba mfanyabiashara asiyejirekodi video kila siku akafunge duka. Nimecheka mpaka chai imenipalia.

Mimi ni mzee wa karibu miaka mia, simu nimeishika uzeeni. Ninayoandika yalinipata mwenyewe, enzi za Mwingereza, na chumvi sijaongeza.

Wataalamu wa aina hii hawakuanza na intaneti. Wa kwangu nilimpata kwa ndoa.

Nilikuwa fundi cherehani, nimefundishwa misheni. Vita vikuu vya pili vilikuwa vimeisha, na madukani Njombe yakaingia makoti ya jeshi, yale mazito ya sufu. Baridi ya kwetu mnaijua. Nikachukua akiba yangu yote nikanunua robota zima.

Sikuwa nacheza. Kodi ya kichwa haikumsubiri mtu, na aliyekosa kipato nyumbani alipanda lori la manamba pale Makambako kwenda kukata mkonge Tanga. Kaka yangu alipanda, hatukumwona tena. Makoti yasipotoka ilikuwa zamu yangu, na mke wangu alikuwa mjamzito.

Sasa, mimi si mtu wa maneno. Hata posa yangu aliisemea mjomba.

Ndipo akaingia shemeji Lazaro, kaka wa mke wangu. Alikuwa amekaa Dar es Salaam kidogo akifagia duka la mtu, akarudi na tai na ushauri.

"Shemeji, biashara ni mdomo," akaniambia. "Ukikaa kimya kama gogo nani atajua una makoti? Twende gulioni Makambako."

Nikakubali. Mke akiwa mjamzito mtu unakubali mengi.

Kule akanisimamisha juu ya sanduku niite wateja. Ikatoka sauti ya mbuzi mwenye mafua. Watu wa Mahongole waliokuja na viazi vyao wakanitazama kwa huruma. Hata salamu sikuwa nimewapa. Kwetu humtangazii mtu bidhaa kabla hamjapeana kamwene na kuulizana ya nyumbani, utaonekana huna malezi.

Lazaro akanishusha, akapanda yeye. Hapo ndipo alipoizika biashara.

"Makoti ya wanaume haya, yametoka vitani," akanguruma. "Walioyavaa walikuwa mashujaa, na wengine hawakurudi."

Wakuu, Lazaro ni Mbena kama mimi. Alijua vizuri kwamba kwetu nguo za marehemu hazipelekwi sokoni. Matanga yakiisha ukoo unakaa, nguo zinagawiwa ndugu, na anayepewa anajua anarithi kwa nani. Yeye anasimama kwenye sanduku anatangaza nguo za wafu wasio na majina, eti anazisifia. Ile tai nadhani ilikuwa imemzuilia damu kufika kichwani.

Mama mmoja aliyekuwa ameshika mkono wa koti akauachia, akajifuta kiganja kwenye kaniki yake. Wengine wakamfuata. Haukupita muda habari ikafika Wanging'ombe.

Unajua mtaalamu alisemaje? Kwamba hatukupiga kelele za kutosha.

Nikarudi Njombe, nikakaa barazani na cherehani yangu. Niliogopa, sioni aibu kusema. Kila lori likinguruma barabarani nasimamisha cherehani mpaka lipite.

Siku moja akaja bibi wa Matembwe niliyewahi kumshonea gauni. Tukasalimiana kwa utaratibu, mpaka habari za ng'ombe zikaisha.

"Mwanangu, nasikia unauza nguo za wafu."

"Walioyavaa siwajui, mama."

"Hicho ndicho kibaya. Ungewajua ungewapelekea ndugu zao." Akavuta kigoda akakaa. "Lifumue moja, lote, mimi nikiona. Uzi wa mwisho ukitoka hilo si koti la mtu tena, ni kitambaa. Halafu unishonee la kwangu."

Nikafumua mbele yake, kola, mifuko, mishono yote. Nikafua vipande, nikaanika, nikamkatia koti la kike. Jumapili akaingia nalo kanisani.

Kuanzia hapo kila aliyekuja nilimpa kigoda nikafumua akitazama. Sikumwita mtu. Kumbe watu wanapenda kukaa karibu na fundi asiyewasumbua, na mimi kunyamaza ndicho kipaji changu. Robota likaisha kabla ya baridi, na mtoto wangu akazaliwa nikiwa nyumbani.

Miezi baadaye nilipita Makambako nikasikia sauti ninayoijua. Lazaro alikuwa amepata kazi kwa wakala wa mkonge, anaita vijana wapande lori. Nyama kila siku, utarudi na baiskeli. Na walikuwa wanapanda kweli.

Akaniona, akacheka. "Shemeji, si nilikwambia biashara ni mdomo?"

Nikamuuliza wasiporudi atawaambia nini mama zao. Akakaza tai, akaendelea kuita.

Funzo ni hilo, wakuu. Tafuta namna ya kujitangaza inayofanana na wewe na watu unaowauzia. Na mwenye sauti kubwa akikuita, uliza kwanza lori linakwenda wapi.

Mwenye kubisha abishe, hasa yule bwana wa video. Nitajibu polepole, naandika kwa kidole kimoja.