Wilda Stotler na Kibao cha Sallow Run

Wilda Stotler alikuwa mwepesi wa hasira na hakuona haja ya kuificha. Miaka thelathini na mmoja alisambaza barua katika barabara za mashambani za Kaunti ya Harlow, kule Ohio, akiendesha gari lake mwenyewe huku amekaa kiti cha abiria, upande wa kulia, mguu wa kushoto ukivuka kwenda kwenye mafuta na breki, mkono wa kulia ukichomeka barua kwenye masanduku ya kando ya njia. Mtu aliyeendesha hivyo kwenye theluji na matope hana muda wa kuremba maneno. Mbwa walimzoea. Wenye mbwa ndio waliomwogopa.

Mapenzi ya vibao yalimwingia akiwa kazini. Kando ya njia yake palikuwa na vibao vya kumbukumbu kumi na tisa: hapa palikuwa na shule ya kwanza, hapa jenerali fulani alilala usiku mmoja, hapa daraja lilisombwa na mafuriko. Watu walikwenda zao na kuvipita. Yeye alivisoma vyote, injini ikinguruma. Siku aliyosikia kwamba kuna watu wanaovisaka vibao kama hivyo kwa GPS na kuviingiza kwenye orodha moja kubwa mtandaoni, kila kibao na picha yake, maandishi yake na namba za mahali kilipo, kesho yake alikwenda kununua kifaa. Hiyo ni miaka ishirini iliyopita. Kibao cha kwanza kabisa kukiingiza kilikuwa cha Sallow Run.

Alikuwa na sababu. Mwaka 1926 mgodi wa makaa wa Sallow Run ulilipuka ukashika moto, watu ishirini na saba wakiwa chini. Moto ulikataa kuzimika, na wenye mgodi wakauziba mdomo wake kwa udongo na saruji, watu wakiwa humohumo. Mmoja wao alikuwa Ansel Pugh, babu yake Wilda, baba wa mama yake. Ansel hana kaburi. Ana mstari mmoja kwenye bamba la shaba lililofungwa kwa boliti nne juu ya jiwe kando ya barabara, jina la kumi na nane kutoka juu, na hakuna mahali pengine duniani ambapo mpita njia anaweza kulisoma jina lake. Kila Pasaka mama yake Wilda alimpeleka pale, akamwambia alifuatishe kwa kidole.

Kwa hiyo mwaka huu ofisi ya mhandisi wa kaunti ilipotangaza kwamba barabara ya Sallow Run itapanuliwa, Wilda alitulia. Tangazo lilisema vibao vyote vilivyomo kwenye orodha ya wasakaji vitatolewa kwa uangalifu, vitahifadhiwa, na vitarudishwa kazi ikiisha. Kibao chake kilikuwamo. Alikiingiza mwenyewe.

Jumamosi moja ya Oktoba, asubuhi, akiwa njiani kwenda kwenye kikao cha wasakaji, akapitia kukiangalia. Bamba lilikuwapo. Ila jiwe lote lilikuwa limechorwa alama ya X kwa rangi ya machungwa, kama ile inayochorwa kwenye miti inayosubiri kung'olewa, na tingatinga limeegeshwa hatua ishirini tu. Ubao wa kazi ulisema: Jumatatu, saa moja asubuhi. Akafungua orodha kwenye simu. Pembeni ya Sallow Run palikuwa na neno moja jekundu: HAKIPO. Aliyetoa taarifa, wiki nne nyuma, kabla ofisi haijachukua nakala ya orodha: Lowell Prather.

Akapiga simu ofisini. Sauti ya mashine ikamwambia kwa adabu kwamba ofisi itafunguliwa Jumatatu saa mbili.

"Saa mbili!" Wilda aliifokea ile mashine. "Tingatinga saa moja, nyinyi saa mbili! Mmelaaniwa?"

Lowell Prather alikuwa mfamasia mstaafu aliyehamia kutoka Indiana miaka minne nyuma, mtu wa vipimo na shati lililonyooshwa. Kila vuli wasakaji wa Harlow walikuwa na mashindano yao: pointi moja kwa kibao unachokitembelea, tatu kwa kibao kipya, mbili kwa taarifa ya kibao kilichotoweka, mradi usimame penyewe na upige picha pande zote nne. Mshindi alipewa kifuniko cha gurudumu kilichopakwa rangi ya dhahabu, akitundike kwake mwaka mzima. Ni utani mtupu, na watu wazima waliamka alfajiri kwa ajili yake. Mwaka huu Lowell alikuwa akiongoza, Wilda yuko nyuma yake kwa pointi moja.

Kikao kilikuwa kwenye mgahawa wa Nadine Ruhl, ambaye ndiye pia aliyetunza hesabu za pointi. Wilda aliingia bila kufunga mlango.

"Lowell Prather, simama."

"Na wewe habari za asubuhi, Wilda."

"Sikuja kusalimiana hapa. Pointi mbili! Umemuuza babu yangu kwa pointi mbili!"

Lowell akaweka uma chini, pai yake ya maboga haijaliwa nusu. "Nimemuuza nani?"

"Sallow Run! Umeandika hakipo. Nimetoka kukigusa sasa hivi kwa mkono huu. Jumatatu wanakisaga kwa sababu yako."

"Wilda, mimi nilikwenda. Nilisimama palepale, namba kwa namba. Picha nne ninazo."

"Ulikwenda wapi wewe? Ulikwenda mpaka sebuleni! Ulikaa na nguo zako za kulalia, ukabonyeza. Mtu wa kochi wewe!"

Wote mgahawani wakageuka. Kwa wasakaji unaweza kumwita mwenzako mchoyo, kipofu, hata mwizi, naye akacheka. Mtu wa kochi ni yule anayetoa taarifa ya mahali ambapo hajakanyaga, na kwao hakuna tusi linalolizidi hilo.

"Dada, kaa kwanza, nikumiminie kahawa," Nadine alisema.

"Kahawa kamwage. Mfute huyu. Mfute jina, mfute pointi, asikanyage tena hapa."

Lowell alikuwa amewiva uso kwa wekundu mpaka masikioni. Akachukua kofia yake. "Twende. Sasa hivi. Nikionekana mwongo, najifuta mwenyewe."

"Gari langu," Wilda alisema. "Nataka kukuona uso ukifika."

Lowell akaingiza namba za orodha kwenye GPS, na mshale ukaanza kuelekeza. Kwenye njia panda ya kinu Wilda alitaka kukata kulia, kwenda Sallow Run. Mshale ukasema kushoto.

"Kimekufa kifaa chako."

"Fuata mshale, Wilda."

"Naufuata. Naufuata ili nikuaibishe vizuri."

Wakaenda, na kila maili alikuwa na neno la kumtupia, mwenzake anatazama dirishani tu. Mshale uliishia kwenye shamba la soya lililokwisha kuvunwa, maili kumi na mbili kutoka Sallow Run. Lowell akashuka, akatembea hatua hamsini ndani ya mabua, akasimama. Akatoa simu yake akaonyesha picha zake nne: ghala lilelile la nafaka, nguzo zilezile za umeme, buti zake kwenye mabua hayahaya.

Wilda akaanza kucheka, kicheko kibaya kisichokuwa na furaha hata chembe. "Hapa? Hapa ni kwa akina Yoder! Nimeleta barua hapa nusu ya maisha yangu. Ng'ombe wa Yoder wanajua kwamba hapa si Sallow Run! Basi aliyeziandika hizo namba ni punguani. Punguani wa kwanza wa Ohio. Nitajie jina lake nikamtafute."

Lowell akabonyeza sehemu inayoonyesha mwenye taarifa ya kwanza, akampa simu aisome mwenyewe.

W. Stotler.

Akazisoma zile namba tena, polepole. Halafu akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukazidisha hasira, maana lilikuwa kosa la kitoto. Kile kifaa chake cha kwanza kilionyesha nyuzi na dakika: dakika ishirini na nne. Orodha ilitaka nyuzi na nukta, yaani desimali, sehemu ya mia. Yeye akaandika nukta ishirini na nne. Dakika ni sehemu ya sitini, si ya mia, na ishirini na nne juu ya sitini ni nukta arobaini. Kila msakaji mgeni huliangukia kosa hili mara moja, na miaka yote Wilda ndiye aliyekuwa akiwasuta mbele ya watu, akiwauliza kama saa za kwao zina dakika mia. La kwake halikuonekana kwa sababu wenyeji wote walikijua kibao kilipo. Walikwenda kwa macho, wakapiga picha, wakaweka pointi zao mfukoni. Ilibidi aje mtu wa Indiana aziamini namba.

"Haya, sema," alisema.

"Nisemeje?"

"Sema punguani ni mimi."

"Umeshalisema, Wilda. Shamba zima limesikia."

Angempiga. Badala yake akafungua maandishi ya taarifa na kumsukumia simu usoni. "Na wewe! Hapa nimeandika: karibu na mdomo wa mgodi, ng'ambo ya kanisa. Uliona kanisa hapa? Uliona mgodi kwenye soya?"

Lowell akatazama ghala, akatazama nguzo. "Nilisoma namba."

"Maneno je?"

"Sikuyasoma."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na haraka ya zile pointi mbili."

Alijibu wazi, akimtazama, na Wilda akakosa pa kuishika hasira yake. Hakumsamehe. Alirudi garini na kugeuza, na safari hii aliifuata njia anayoijua.

Sallow Run hapakuwa na mtu. Tingatinga lilikuwa palepale. Lowell alikuwa hajawahi kufika mahali hapa. Akavua kofia, akasoma majina kwa sauti ya chini, yote ishirini na saba, bila kuruka. Alipomaliza akatoa simu akaifuta taarifa yake.

"Nimeondoa," alisema.

"Umeondoa kwenye simu. Wao nakala yao wanayo kwenye karatasi, na karatasi inasema jiwe tupu. Waliolichora jiwe hili walikuwa na macho, Lowell! Walisimama hapa na kopo la rangi, wakaliona bamba, wakatazama karatasi, wakachagua karatasi."

"Basi Jumatatu tuje alfajiri. Tusimame mbele ya tingatinga."

"Tumwambie nini dereva kwa saa nzima mpaka ofisi ifunguliwe? Kwamba kuna bibi mmoja alikosea nukta? Atatusogeza kando kama mapipa."

Akafungua buti la gari, akatoa spana, kopo la mafuta ya kulainisha kutu, na blanketi.

"Wilda," Lowell alisema taratibu. "Hii ni mali ya umma."

"Iko wapi mali ya umma? Karatasi ya umma inasema hakipo. Nitaibaje kitu ambacho hakipo?"

Boliti ya kwanza ililia ikaachia. Ya pili na ya tatu zikafuata. Ya nne ilikataa kabisa, na Wilda akaitukana kwa matusi ya watu wa posta, akiipiga mateke spana, machozi yakimtoka kwa hasira na yeye akiyafuta kwa mkono wenye mafuta. Hapo Lowell akakunja mikono ya shati lake lililonyooshwa, akapachika kipande cha bomba alichokiokota karibu na tingatinga kwenye spana ili kuirefusha, akaliegemea kwa uzito wake wote. Boliti ikaachia, wakaliteremsha bamba pamoja. Lilikuwa zito kuliko walivyodhani. Walilipumzisha mara mbili kabla ya kufika garini.

Jiwe likabaki na matundu manne na alama ya machungwa.

Wilda akarudi pale. Akapiga picha upande wa kaskazini, wa mashariki, wa kusini, wa magharibi. Akaandika namba mpya za mahali, kwa nukta, akizihakiki mara tatu. Chini yake, kwa jina lake mwenyewe, akaandika neno lilelile alilokuja kumchinjia mwenzake asubuhi: HAKIPO. Sehemu ya maelezo akajaza: namba zilikosewa tangu mwanzo na W. Stotler, L. Prather alifika alikoelekezwa. Ukurasa ukamwuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo, akautukana, akairusha simu kwenye kiti cha mbele.

Lowell alikuwa amekaa nyuma, bamba limelala mapajani mwake juu ya blanketi, majina yakitazama juu.

"Barabara ina mashimo hii," Wilda alisema, akiwasha gari.

"Usijali. Nimelishika."

Wilda akageuka, akamtazama kwa macho mekundu.

"Mshike," alisema. "Mshike na mikono miwili, usije ukamwangusha."