Nilimzulia Shangazi Watoto Siku ya Maziko Yake

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Nakuambia wewe unayesoma kwa sababu hunijui sura. Nilimwaibisha marehemu shangazi yangu kaburini kwake, kwa mdomo wangu mwenyewe!

Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja hapa Gisenyi, Rwanda. Ile akili mnemba ya kwenye simu niliianzia kazini, kujibu wageni kwa Kifaransa na Kiingereza. Ilinisaidia, siwezi kukana. Lakini taratibu ikahamia nyumbani. Rafiki akifiwa, pole naiambia iandike yenyewe. Nikigombana na mchumba, inaniombea msamaha. Hata sala ya chakula siku ya Pasaka niliisoma kwenye simu. Watu wakasema, "Amina! Huyu dada anajua kuomba." Nikanyamaza, nikafurahia sifa!

Sasa shangazi. Mama alifariki tukiwa bado Tanzania. Tuliporudi Rwanda, dada yake baba ndiye aliyenichukua, akanilea kule Nyamyumba. Yeye na mumewe, mtu wa Goma, ng'ambo ya mpaka, ninayemwita Tonton, hawakujaliwa mtoto. Wakwe walimsema maisha yake yote. Walimtaka Tonton aoe mwingine, akakataa. Mtoto wa nyumba ile nilikuwa mimi tu.

Shangazi alipofariki, Tonton aliniita. "Mwana wangu, we ndiye utaongea. We unajua kusema."

Nilikuwa nimechoka kwa kulia. Nikaandika kwenye simu: hotuba ya kumuaga shangazi, mama mwema, mcha Mungu. Basi. Mara ukurasa umejaa. Nikapitisha macho kwenye mistari ya mwanzo, nikaona maneno ni matamu, nikafunga. Sikumaliza kusoma!

Siku ya maziko nikasimama na simu mkononi. Wakwe wa Goma walikuwa mbele kabisa. Nikasoma, nikasoma, mpaka nikafika hapa: "Ameacha watoto aliowazaa kwa uchungu, na wajukuu waliozoea kukaa mapajani mwake."



Kisha wifi yake, dada wa Tonton, akauliza kwa sauti, kwa Kiswahili cha kwao Goma, "Batoto gani? Ule hakuzalaka!"

Mtu akacheka. Jamani, mtu alicheka kaburini kwa shangazi yangu! Jambo walilomsimanga nalo miaka yote, mimi ndiye niliyelifukua siku yake ya mwisho.

Tonton akasimama, akavua kofia. "Muke yangu hakuzalaka, ni kweli. Alilea huyu." Akaninyooshea mkono. Akachukua beleshi mwenyewe, akaanza kufukia.

Jioni nilipiga magoti mbele yake. "Tonton, nisamehe. Si mimi niliyeandika yale."

Hapo nikaharibu zaidi!

"Donc, basi nani aliandika?" akaniuliza. "Mutu gani alimujua kupita weye? Ungelia tu, ingetosha."

Nilikosa pa kuuficha uso wangu. Kwa maana ningeweza kusema jinsi nilivyoumia mguu utotoni, shangazi akawa ananibeba mgongoni hadi kwenye chemchemi ya maji moto. Alikuwa akinikanda huku anaimba, tena anaimba vibaya kweli, mpaka nacheka na kusahau maumivu. Hakuna aliyeyajua hayo ila mimi. Sikuyasema.

Siku ya kumaliza matanga, Tonton alimwomba jirani ndiye azungumze. Mimi nikapewa kazi ya kugawa vinywaji. Niliporudi mjini nikataka kumwandikia ujumbe wa kumwomba msamaha, na unajua kidole kilienda wapi? Kule kule! Nilikuwa nimeshaanza kuiagiza iniandikie. Nikaitupa simu kitandani kama inaniunguza.

Jumapili nikachukua moto, ile pikipiki ya abiria, hadi Nyamyumba. Nikamsimulia Tonton habari za mguu ule kwa mdomo, ovyo ovyo, nikikwama na kuanza upya. Alisikiliza mpaka mwisho. "Ile ndiyo ungesema," akaniambia, kisha akaendelea kumenya viazi vyake. Hajanifukuza. Ila mpaka leo, tukizungumza, hanitazami usoni.

Ndugu yangu, barua za kazi ziache ziandikwe na mashine, si dhambi. Lakini ukiombwa useme juu ya mtu aliyekulea, simama mwenyewe, hata kama utatoa maneno mawili na machozi. Wakwe wale walivuka mpaka kurudi Goma na kicheko chao, na mimi sitapata kumzika shangazi mara ya pili.