Kiwanja cha Chekechea Njoro

Sogea hapa kivulini, rafiki yangu, nikuonyeshe kitu. Unakiona kile kituo cha mafuta chenye paa jeupe na taa zinazowaka hata mchana? Pale kwenye pampu ya mwisho ndipo lilipokuwa goli letu. Pale walipopanga mitungi ya gesi ndipo wasichana tulipochezea rede, mchezo wa kukwepa mpira, hadi mama zetu wakaja kututafuta na fimbo. Nisikilize taratibu. Habari yenyewe si ngumu, ila ilinichukua miaka mingi kuielewa.

Juzi tulimuaga bibi yangu. Sisi Wachagga, watu wa mlimani, hatuziki mjini. Mtu akifia mjini, mwili unatoka hospitali, unapitishwa nyumbani majirani wauage, kisha unapandishwa mlimani kwenye kihamba, shamba la ukoo, chini ya migomba. Zamani hapa mtaani Njoro maturubai ya kuagia yalifungwa kwenye kiwanja kile. Safari hii tulifunga turubai moja kando ya barabara, nusu yake juu ya mtaro, na jeneza la bibi likawekwa juu ya stuli mbili nje ya geti lake mwenyewe. Padri alikuwa katikati ya sala alipokuja kijana wa kituo cha mafuta, kofia mkononi.

"Poleni sana wafiwa," alininong'oneza. "Samahani, dada, lile gari lenu limeziba pampu. Bosi anaomba lisogezwe kidogo."

Gari lilisogezwa. Kijana hakuwa na kosa, alitumwa. Lakini nilipokuwa nikilitazama likirudi nyuma juu ya zege, nilijua kwamba lazima nikusimulie.

Bibi alinilea tangu nikiwa mdogo, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyotazamana na kiwanja kile. Alizaliwa Kibosho, akafundishwa kusoma na masista, na mwandiko wake ulikuwa wa kulala upande mmoja, kama majani ya mahindi kwenye upepo. Alfajiri aliamka kabla ya jogoo kumaliza kuwika, akafagia uwanja kwa ufagio wa chelewa, akaweka ndizi jikoni. Siku za kawaida tulikula kiburu, ndizi zilizochanganywa na maharage. Jumapili kulikuwa na machalari, ndizi za mchuzi zenye nyama. Aliyetoka kujifungua au kuugua alipikiwa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, na harufu yake ilimfanya kila mtoto wa mtaa ajifanye mgonjwa. Kabla mawingu hayajafunga, tulitoka na vikombe vya chai kuuona mlima ukiwa mtupu na mweupe, kisha tukakimbilia uwanjani.

Uwanja ule! Vumbi lake liliingia hadi kwenye mito ya kulalia. Jioni wavulana walicheza mpira wa chandimu, sisi rede, na giza likianza wote pamoja kombolela ya kujificha na kutafutana, mpaka sauti ya bibi ikatoka jikoni: "Wa kwangu waingie, wa wenzangu wakalale!" Harusi zilifanyika pale, na komunyo ya kwanza, na misiba. Niliamini uwanja ule uliumbwa na Mungu pamoja na mlima.

Haukuumbwa na Mungu. Ulichorwa. Miji haioti kama magugu, ingawa ukitazama baadhi ya mitaa unaweza kudhani hivyo. Kabla ya nyumba ya kwanza kujengwa, watu wa mipango miji huchora ramani na kusema: hapa watu walale, hapa wauze, hapa watoto wasome, hapa pabaki wazi. Kila kiwanja kinapewa kazi yake, na mwenye hati hana ruhusa ya kukipa kazi nyingine kwa kuamka tu asubuhi. Bibi alilielewa hilo haraka kuliko wengi, kwa sababu ndivyo kihamba kilivyo. Kahawa inakaa chini ya migomba, majani ya ng'ombe pembeni, makaburi yana mahali pake. "Shamba lisilo na mpango," alikuwa akisema, "linamlisha ngedere."

Kiwanja chetu kilichorwa kwa ajili ya chekechea. Wakati wa kukigawa ulipofika, jirani yetu mmoja alikiomba. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi sokoni, na alikuwa mtu wa Kibosho kama sisi. Kwa sisi watoto alikuwa zaidi ya hapo. Mpira wetu wa matambara ulipofumuka, yeye ndiye aliyetuletea mpira wa ngozi wa kwanza. Alituita "timu yangu". Alipopita na pikipiki alipiga honi mara moja kwa kila mtoto.

Katika mkutano wa mtaa aliomba majirani wamuunge mkono, na bibi ndiye aliyesimama. "Huyu namjua mpaka kihamba chao," alisema. "Akisema chekechea, ni chekechea." Watu wakapiga makofi. Akapewa kiwanja.

Miaka ikapita. Chekechea haikujengwa. "Mwakani tunaanza msingi," alisema kila mwaka, na sisi watoto tulifurahi kimoyomoyo, maana msingi ungetunyang'anya goli.

Kisha kiangazi kimoja tukakuta uwanjani kipande cha bati kilichopakwa rangi nyeupe, kimesimama juu ya miti miwili, kimeandikwa maneno meusi. Wavulana walikifanya shabaha ya mawe. Watu wazima walikipita ubavuni wakienda sokoni, kama mtu anavyopita pembeni ya mbwa aliyelala. Aliyelisoma lile bango kwa sauti alikuwa mwalimu, jirani yetu wa upande wa pili, mtu wa Tanga aliyeoa kwetu. Lilisema mwenye kiwanja ameomba kubadilisha matumizi, kutoka shule ya awali kuwa kituo cha mafuta, na mwenye pingamizi alipeleke kwa maandishi ofisi ya mipango miji kabla muda uliotajwa haujaisha.

Nikueleze vizuri hapa, maana ndipo tulipojikwaa. Kubadilisha matumizi ya ardhi si siri, wala si kosa. Mji hukua, na mahitaji hubadilika. Mwombaji anapeleka maombi, anaweka bango kiwanjani na tangazo gazetini, na majirani wanapewa muda wa kusema. Wakisema, wanasikilizwa. Maombi yanakwenda kwenye kamati, kisha ngazi za juu, na yakikubaliwa hati inabadilishwa. Katika safari yote hiyo, mlango wa jirani wa kawaida ni mmoja tu: ule muda wa pingamizi. Ukifungwa, umefungwa.

Bibi aliandika pingamizi. Alisema kiwanja kilichorwa kwa ajili ya watoto. Alisema mafuta yatalala ardhini jirani kabisa na majiko yetu ya mkaa. Na alisema, maneno haya nayakumbuka kwa sababu aliyasoma kwa sauti mara mbili: "Hatuna mahali pengine pa kuagia wafu wetu." Majirani walikuja kuisikiliza barua ile wakiwa na vikombe vya chai. "Umetuandikia wote, bibi," walisema. Wakaondoka wameridhika, na hakuna mwingine aliyeandika.

Jumapili moja baada ya misa, jirani alikuja. Alisimama mlangoni na koti lake la kanisani, na mikononi ameshika isale. Kama hujawahi kuishi huku kwetu, isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Tena ndio mmea wa kuombea msamaha. Ukiletewa isale, husemi hapana. Unaweza kulia, unaweza kunyamaza, lakini mwisho unalipokea, na ukishalipokea, jambo lile halitajwi tena. Kuna watu waliosameheana damu kwa isale.

"Shikamoo, Mae," alisema. Mae ni mama, kwa Kichagga.

"Marahaba. Mbona unasimama mlangoni kama mkusanya kodi? Ingia, machalari yanaiva."

"Siwezi kukaa kabla hujalipokea hili."

Bibi akafuta mikono kwenye kanga. "Umenikosea nini?"

"Nilitakiwa nianze kwako kabla ya kwenda ofisini. Nilikuruka. Nisamehe, Mae. Na timu yangu haipotezi uwanja! Mbele naweka pampu, nusu ya nyuma ni ya watoto. Na chekechea naijenga hukohuko."

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri machalari. "Basi hiyo nusu iandike kwenye maombi yako," alisema.

Jirani akacheka kwa sauti. "Mwalimu bwana! Isale liko mkononi, wewe unataka karatasi. Umeoa kwetu, umekula ndizi zetu, na bado ni mgeni?"

Tulicheka wote. Mwalimu naye alicheka, akakuna kichwa.

Bibi hakucheka. Alilitazama lile isale mpaka machalari yakafurika na kuzima mkaa upande mmoja. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, akalipokea. Jirani alikula sahani mbili.

Jumatatu bibi alivaa viatu vyake vya kutokea, akaenda ofisini kuliondoa pingamizi. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na mwalimu alimwomba asubiri. Lakini kwake kupokea isale huku shauri lako limelala mezani kwa mtu mwingine kulikuwa sawa na kumkumbatia mtu huku umemkanyaga mguu.

Uzio wa mabati ulipokuja, ulizunguka kiwanja chote. Tulichungulia kwenye matundu ya misumari tukitafuta nusu yetu. Tuliona tingatinga likichimba shimo la matangi palepale golini.

Bibi alimfuata. Nilikuwa nyuma yake, nimeshika ncha ya kanga.

"Nusu iko wapi, baba?"

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alimwinamia bibi kwa heshima na kusema polepole, "Mae, si tulishamaliza? Isale halirudiwi."

Nimesoma mambo mengi tangu siku ile, rafiki yangu, na sijakutana na sentensi katili kuliko hiyo. Alijua. Alikulia kulekule kwenye miteremko tulikotoka sisi, na alijua bibi atafungwa na jani lile zaidi kuliko kamba.

Ofisini tulipokewa na ofisa kijana, mpole, aliyempa bibi kiti chake mwenyewe. Alifungua faili na kulisoma, kisha akalifunga.

"Bibi, humu hakuna nusu. Maombi ni ya kiwanja chote. Pingamizi lilikuwa moja tu, la kwako, na ulikuja mwenyewe kuliondoa. Kamati ikaona majirani wameridhika."

"Nataka kulirudisha."

"Muda umepita, bibi yangu. Kibali kimeshatoka."

"Mimi nilimsamehe," bibi alisema. "Sikusema nimekubali."

Ofisa alirudisha faili mahali pake. Alitusindikiza mpaka mlangoni.

Baada ya hapo harufu ya petroli ikaingia kwenye kila chakula, hata mtori. Tulijaribu kuchezea barabarani, malori yakatufukuza. Tukaingia ndani, kila mmoja kwao, na kombolela haichezwi na mtu mmoja. Bibi hakumtaja tena jirani kwa ubaya. Kile kipande cha isale alikipanda kando ya mlango, akakimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Nilimuuliza kwa nini asikitupe.

"Isale halikunidanganya," alisema. Sasa limeupita mlango kwa urefu.

Juzi, baada ya gari kusogezwa, jirani mwenyewe alivuka barabara. Amezeeka, anatembelea fimbo. Alikuwa ametuma katoni za maji kwa wafiwa. Alinishika mikono yote miwili, machozi yakamlengalenga, na naamini yalikuwa ya kweli.

"Pole sana, mjukuu wangu. Bibi yako alikuwa mtu wa amani. Hakuwahi kunisumbua."

"Shikamoo," nilimjibu. Kisha msafara ukapanda Kibosho kwenye ile barabara ya mashimo, tukamlaza bibi, na juu ya kaburi nikapanda kipande nilichokata mlangoni kwake.

Mpira wa ngozi haupo, wala vumbi lile, wala ile sauti ya kuita wa kwangu waingie. Watoto wa mtaa huu wanakua bila kujua kwamba mbele ya milango yao palichorwa mahali pao. Mimi leo ninafundisha Jiografia, na kila nikifungua ramani darasani natafuta kwanza viwanja vilivyoachwa wazi, kuona kama bado vipo. Na tulipokuwa tukishuka kutoka mazikoni, kwenye kona ya kuingia Njoro, niliona bango jingine jeupe juu ya miti miwili. Kiwanja hicho kilitengwa kwa ajili ya zahanati. Watu walikuwa wakilipita ubavuni.

Kwa hiyo ukiliona bango la mtaani kwako, simama ulisome mpaka mwisho. Andika pingamizi lako mwenyewe, usitegemee la jirani. Lipeleke kwa mkono kabla muda haujaisha, na nakala yako igongwe muhuri. Akija mtu na isale, lipokee, msamehe, mkaribishe chakula. Barua yako iache palepale ilipo mpaka ahadi yake iandikwe kwenye maombi.