Mtani wangu anataka niutanie mkono wake uliokatika vidole

Habari admin. Naomba jina langu ulifiche kabisa, maana watoto wa huyu ninayetaka kumsema wako humu na wananiita baba mkubwa. Nina miaka sabini na moja, ni mhandisi mstaafu, naishi Ilala. Najua wengi humu mmezoea visa vya ndoa na michepuko, basi leo mnivumilie mzee wenu. Changu ni cha urafiki, lakini kinaniuma kuliko talaka.

Mimi ni Mnyamwezi. Rafiki yangu, nitamwita Kondo, ni Mzaramo wa Kariakoo. Kwa nyinyi mliozaliwa juzi, makabila yetu haya ni watani: tunachambana mbele za watu na hakuna ruhusa ya kununa. Tulikutana mwaka wa kwanza wa uhandisi, enzi za Ujamaa. Siku ya kwanza tu bwenini akaniuliza kama nimekuja kutoka Tabora kwa miguu, na mzigo kichwani. Nikamjibu kwamba afadhali mimi niliyetembea nikafika, yeye kazaliwa mjini na bado hajaamka. Tangu hapo akaniita mpagazi wangu, nami nikamwita mvivu wangu, na hatukuachana.

Mwaka ule chuo kikatupa shindano. Sisi wa mwaka wa kwanza tuligawanywa makundi ya watu wanne, kila kundi libuni na kuunda kwa mikono yake kifaa cha kukisaidia kijiji cha ujamaa kisicho na umeme. Kundi letu likachagua mashine ya kupukuchua mahindi. Tulikuwa mimi, Kondo, kijana mmoja wa Kichaga, na Mhindi ambaye baba yake alikuwa na duka la vifaa Mchafukoge, akitupatia nati na bolti zilizokosa mnunuzi. Cheni na meno yake tulitoa kwenye baiskeli mbovu. Tuliiunda uani kwa kina Kondo, mama yake akitupikia na kutufokea kwa makelele ya nyundo. Nawaambieni kweli, nimejenga madaraja baadaye, lakini furaha ile sikuipata tena.

Kila Kondo alipoigusa mashine nilimwambia, "Mzaramo, utaacha vidole humo." Ilikuwa nyimbo yetu ya kazi. Hata mama yake alikuwa akiimalizia kabla yangu.

Asubuhi ya shindano tukaipanga mashine kwenye uwanja wa chuo, wageni na walimu wakazunguka. Nikainama kuikagua, nikaona kifuniko cha meno kinacheza. Nati moja ilikuwa imelegea njiani, gari lilitupigapiga sana. Nikamwambia Kondo asiiguse, ataacha vidole humo. Akacheka. Nikamwambia safari hii nasema kweli. Akawageukia wageni akawaambia huyu mpagazi ana wivu kwa kuwa mashine imezaliwa Kariakoo, na uwanja mzima ukacheka, mwalimu wetu akiwemo. Kadiri nilivyokasirika ndivyo walivyozidi kucheka, maana walijua hivyo ndivyo tunavyosemezana. Nikakimbia karakana kufuata spana.

Walianza kabla sijarudi. Mchaga alikuwa anazungusha mpini, gunzi likakwama, Kondo akalichomoa kwa mkono kama tulivyozoea uani, na kifuniko kikafunguka. Nilikuta wamemlaza chini, spana ninayo mkononi. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikwenda.

Hospitali mama yake alinitazama muda mrefu. Hakunipigia kelele. Alisema, "Mwanangu, ulimi wako umetimia." Basi. Baadaye aliniomba radhi kwamba ulikuwa uchungu wa mzazi, nami nikamwambia yamekwisha. Hayakuisha. Kondo aliacha chuo, hakuweza kushika kalamu ya kuchorea, akaenda kuuza vitambaa sokoni. Hajawahi kunilaumu hata kwa nusu neno.

Lakini mimi nilinyamaza. Tangu siku ile sijamtania tena. Namsalimia kama mtu na karani wa benki. Kwenye harusi yake nilikaa na wageni. Baba yake alipofariki, Wanyamwezi wenzangu walilishika jeneza, wakagoma lisitoke mpaka wafiwa wacheke, ndiyo kazi ya mtani msibani. Mimi nilisimama ukutani na kofia yangu. Nilimwona Kondo ananitafuta kwa macho, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Sasa Kondo anaumwa. Madaktari wamewaambia wanawe wamrudishe nyumbani, na sisi wazee tunajua maana yake. Jumapili nilikwenda kumwona. Nikamsomea habari za gazeti, nikamuuliza kama amekula. Akaniambia niache hayo. Akautoa mkono ule ndani ya shuka akauweka juu ya goti langu. Miaka yote hii sijawahi kuutazama, wanangu, nawaapia.

"Siku ile nilipotelewa na vidole, nikazoea," akasema. "Ila nilipotelewa na mtani pia, hilo sijalizoea mpaka leo. Hebu utanie huu mkono nikusikie."

Nilifungua mdomo, pakatoka kilio. Mtu mzima mimi, nikalia mbele ya mgonjwa mpaka mkewe akaja kunitoa nje. Nikiwa mlangoni nikamsikia anamwambia mkewe, taratibu, asinisumbue, nitarudi.

Usingizi sipati. Nimetafuta neno la kumwambia, kila ninalolipata ni lile lile nililomwambia siku ile, na sauti ya mama yake inalifuata. Nikinyamaza, atakufa akijua kwamba alinikosa tangu ujana wetu. Nikisema, naogopa ulimi huu.

Wenye watani humu, na nyinyi mliouguza, naombeni ushauri wenu upesi. Kesho jioni nakwenda kwake, na mkono ule atautoa tena. Nitamwambia nini?