Kufuata Mhuri Ufipa

Kibali changu cha kuishi kilikuwa kinaisha mwezi ule. Mimi ni mzaliwa wa Malawi, mtafiti wa zao la ulezi, na kwa miaka kumi nilikaa Mbeya kwa vibali vya muda, kama mpangaji anayeogopa kupigilia msumari ukutani. Nilipoomba ukaazi wa kudumu, afisa wa uhamiaji aliniambia vyeti havitoshi. Alitaka barua ya wakulima, ya taipu, yenye mhuri wa kijiji, ieleze utaalamu wangu umelifaa nini taifa. Nikafunga safari ya Ufipa, nilikokuwa na mashamba ya majaribio.

Alfajiri basi liliondoka. Baada ya Tunduma nilisinzia, na kila nilipofumbua macho niliona nyasi zilezile zikiinama kwa upepo, hata sikujua kama tunakwenda sisi au inakwenda nchi.

Laela, saa nane mchana, abiria walishuka kununua mahindi ya kuchoma. Mimi nilibaki kitini. Kama ningeikosa barua, ningerudi kwetu na kuyaacha mashamba yote ya majaribio.

Jioni nilifika kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Kaengesa. Ukungu ulikuwa umeshuka, nyumba zikaonekana zinaelea. Mama Yustina, mwenyekiti wa kijiji, aliitikia shikamoo yangu huku akicheka, akanipa togwa. Asingeweza kunisahau. Wafipa hulima matuta ya mviringo, wakifukia nyasi ndani zioze ziwe mbolea. Mimi, msomi, mwaka wangu wa kwanza niliyaona takataka, nikawaamuru wayasawazishe. Ulezi ukatoka mwembamba, nami nikaona haya. Miaka iliyofuata nilirudi kuyapima na kuyatetea kwa wakubwa.

Asubuhi aliandika barua kwenye karatasi ya daftari. Kisha akagonga mhuri sehemu ya chini ya karatasi nyingine, tupu, ili barua ikapigwe chapa juu yake mjini. Niliisoma barua njiani: “Ndugu huyu hakutufundisha kulima. Alikosea, akakiri, akajifunza kwetu. Tunaomba abaki.”

Sumbawanga, mtaa wa Milanzi, nilimpata mpiga chapa. Alisoma, akashusha miwani.

“Ndugu yangu, mstari huu wa kwanza utakuponza. Niuruke?”

Niliutazama ule mhuri kwenye karatasi tupu. Juu yake ningeweza kuandika lolote, na mama yule alilijua hilo alipougonga. Nilitamani sana, sitaficha.

“Uandike,” nikasema.

Siku ya tatu nilikuwa Mbeya. Afisa aliisoma mara mbili.

“Kama walijua wenyewe, wewe tunakuhitaji kwa lipi?”

“Kuna vijiji bado vinasawazisha matuta,” nilimjibu. “Vinafuata kijitabu nilichokiandika mwaka wangu wa kwanza. Nataka nikakifute mwenyewe.”

Afisa aliiweka barua ndani ya faili taratibu.

Ukaazi ulitoka mvua za kwanza zilipoanza. Nilikwenda Ufipa kutafuta watu wa kunisifu, nikarudi na watu wanaonijua, na sasa naona hilo ndilo nililokuwa nikiliomba miaka yote. Siku ile nilipigilia msumari ukutani, nikaitundika karatasi ya daftari ya Mama Yustina.