Dawa Isiyo na Jina

Taka-taka-taka, kisha kimya, kisha taka tena. Hivyo ndivyo cherehani ya Rosalia ilivyosikika pale njia panda ya Mingoyo, miaka ile mitumba ilipotanda kila kibaraza. Alizipunguza nguo hizo, akazitia pindo, akageuza koti la mtu wa nchi ya baridi likawa sketi ya mtoto wa kule Mtama. Kile kimya cha katikati kilianza alipopata doa jeusi kwenye wayo wa kulia, mguu wa kukanyagia pedali. Alidhani ni mwiba, akawa anakanyagia kisigino.

Haukuwa mwiba. Ilikuwa saratani ya ngozi. Doa lilikatwa Lindi, lakini ugonjwa ulikuwa umeshapanda kinenani, na kutoka hapo ukaingia mapafuni. Hospitali moja ya Dar es Salaam ndiko alikoelezwa habari za dawa iliyokuwa bado inajaribiwa, yenye namba tu, haijapewa jina.

"Haiui saratani yenyewe," Daktari Helena alimwambia. "Inawaamsha askari wa mwili wako waliolala. Kama wataamka, sijui. Na siku ukitaka kuacha, unaacha, hakuna atakayekulaumu."

"Nitajaribu," alisema Rosalia. "Sina jingine."

Kule Mingoyo kibanda cha jirani kilikuwa cha Mfaume, muuza mitumba. Alikuwa mtani wake, kwa utani ule wa makabila unaomruhusu mtu aseme lolote na mwenzake asinune.

"Mtani, ukifa, cherehani ni yangu."

"Utashona nini? Wewe hata vifungo unafunga mshazari."

"Na kaburini natangulia kulala mimi, nione kama patakutosha. Mwili utaenea, wasiwasi wangu mdomo."

Rosalia alicheka mpaka akakohoa. Wengine walimjia na sauti za msibani. Mfaume peke yake alimfanya ajione bado yupo.

Baada ya miezi ya kwenda Dar kuchomwa sindano za dawa ile, mabaka meupe yakatokea vidoleni, yakapanda mikononi. Watu wakaanza kumsalimia kwa mbali. Ukoma lilikuwa neno ambalo hakuna aliyelitamka mbele yake. Hata Mfaume, siku alipoyaona, hakumtania. Hilo lilimwogopesha Rosalia kuliko mabaka yenyewe. Aliamini dawa imemharibu, na kwamba wakiyaona hospitali watamtoa kwenye majaribio, abaki na saratani yake bila chochote. Akajishonea gauni la mikono mirefu, la kufunika mpaka kucha.

Safari iliyofuata, Mfaume naye alikuwa anakwenda Dar kufuata marobota ya mitumba. Walipanda basi moja, wakasubiri pantoni ya kuvukia mto Rufiji, na njia nzima hapakuwa na tusi hata moja. Alimsindikiza mpaka chumba cha daktari. Akasikia daktari akiuliza kama kuna badiliko lolote mwilini, akasikia Rosalia akijibu, "Hakuna."

Mfaume akamkamata mkono, akapandisha mkono wa gauni mpaka kiwikoni. Ndugu asingethubutu. Mume angeambiwa amemdhalilisha.

"Daktari, huyu mwongo. Wamakonde hawa wanaficha hata ugonjwa, wanadhani utaibwa."

Rosalia alifumba macho, akingoja kufukuzwa. Daktari aliugeuza ule mkono taratibu kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, huu si ukoma. Saratani yako ilianzia kwenye zile chembe zinazoipa ngozi rangi. Sasa askari wameamka, wanazipiga, na chembe nzima nazo zinapigwa kwa kufanana na za saratani, ndiyo maana rangi inatoka. Lakini usinifiche tena. Askari hao wakizidi ukali wanaweza kukudhuru, nami nisijue."

Alipachika picha mpya ya kifua kando ya ile ya zamani. Mavimbe yaliyokuwa yamejaa mapafuni yalikuwa yamesinyaa. Mengine hayakuonekana kabisa.

"Sisemi umepona," alisema daktari. "Nasema yamepungua, na tunaendelea."

Nje walikaa kwenye benchi. Rosalia alivuta pumzi mpaka ndani kabisa, na kikohozi hakikuja. Akavuta nyingine, kwa raha tu ya kuivuta. Mfaume alikuwa amevua kofia, ameizibia uso, mabega yakimtikisika. Watu waliopita walidhani ndiye mgonjwa. Rosalia alimsogelea, akamwinamia sikioni.

"Haya, mtani," alimnong'oneza. "Nitukane."